Wiki Tano Nilizochelewa

Ninaandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kitambaa. Mtu mwenye afya yake haoni ajabu yoyote hapo, lakini mimi kwa miaka miwili na ushee sikukalia kitu bila kwanza kutandika nailoni, na juu ya nailoni khanga iliyokunjwa mara nne. Sasa nimepona. Nimepona mwili, niseme hivyo, kwa sababu hasira bado ninayo na sina mpango wa kuificha. Kama wewe ni mama uliyeumizwa wakati wa kujifungua, na kila unakokwenda unaambiwa usubiri, soma hii yote, halafu inuka.

Mimi si mwenyeji wa Simiyu. Kwetu ni Njombe. Nililetwa Bariadi na barua ya ajira, nikapangiwa masijala ya ofisi moja ya serikali. Kazi yangu ni mafaili. Barua ikiingia naigonga muhuri wa tarehe, naiandika kwenye rejista, naipeleka inakohusika, na ikikaa mezani kwa mkubwa kupita kiasi naenda kumkumbusha. Nimewakera wakubwa wengi kwa ajili ya tarehe. Naomba ulikumbuke hilo, maana ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Niliolewa na Masanja, mwalimu wa sekondari, Msukuma wa Zagayu kule Itilima. Mimba yetu ya kwanza ilitimiza siku zake mwishoni mwa Novemba, mvua zimeanza na kila mwenye jembe yuko shambani anapanda pamba. Nikachagua kituo binafsi hapa mjini. Kilikuwa na vigae sakafuni na feni inayozunguka, na mimi nikaamini feni. Jina lake silitaji, kesi ingali mahakamani na wakili ameshanionya kuhusu mdomo wangu.

Saa mbili asubuhi nesi alinipima akasema kila kitu kiko sawa. Saa nane mchana kilichotangulia kutoka kilikuwa mguu. Nesi alikuwa peke yake. Alimpigia simu daktari mwenye kituo, daktari akasema yuko njiani, na hadi leo naona kama bado yuko njiani. Basi nesi akavuta. Alivuta hadi mtoto akatoka, na mimi nikachanika kutoka mbele mpaka nyuma. Alinishona haraka haraka, na mtoto akalia, ndipo nikaona kwamba mkono wake wa kushoto umelala tu pembeni kama sio wake.

Nje ya mlango mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Zagayu kunisubiri, alikuwa ameshapiga vigelegele na jina ameshalitoa: Kashinje. Kwa Wasukuma mtoto aliyetanguliza miguu hatafutiwi jina, amekuja nalo mwenyewe, kama vile mapacha wanavyokuwa Kulwa na Doto bila mtu kuuliza. Nilipoletewa kadi ya kliniki niliikuta imeshaandikwa kwa mwandiko wa nesi, wino wa bluu: Kashinje Masanja.

Sikulitaka jina lile. Mama mkwe alidhani ni dharau ya mtu wa kuja kwa jadi zao, na tuligombana sana. Haikuwa dharau. Kila nilipolisikia nilirudi kwenye kile kitanda, nikasikia nesi anahema, nikajisikia ninavyochanika. Nani anataka kumwita mwanawe kwa jina la namna hiyo mara hamsini kwa siku? Nikamwita Neema. Cheti cha kuzaliwa kikatoka Neema. Na ile kadi ya kliniki nikaipeleka kazini, nikachukua rangi nyeupe ya kufutia makosa, nikapaka juu ya Kashinje, nikapuliza ikakauka, nikaandika Neema juu yake kwa mwandiko wangu mzuri. Mtunza kumbukumbu mzima. Ningemwona mhudumu wangu anafanya hivyo kwenye faili la mtu ningemwandikia barua ya onyo.

Ugonjwa wenyewe ulianza wiki ya pili. Upepo ulitoka bila ruhusa yangu, kisha choo, na kilitoka kwa njia ya mbele. Nimeliandika hivyo kwa sababu kuna mwanamke mahali fulani anasoma hapa na anadhani yuko peke yake duniani. Hauko peke yako. Inaitwa fistula na inashonwa.

Nilirudi kituoni. Nesi mwingine akaniambia nikae kwenye maji ya chumvi, itapona yenyewe. Nikakaa kwenye maji ya chumvi mpaka nikawa nahisi ladha yake mdomoni. Mara ya tatu nilimwona daktari mwenye kituo, mpole, ana sauti ya kubembeleza, akasema, "Mama Neema, uongozi unalifanyia kazi suala lako. Tupe muda kidogo." Nikampa.

Kazini nilirudi likizo ya uzazi ilipokwisha. Masijala ni chumba kidogo chenye dirisha moja. Wenzangu walianza kufungua dirisha nikiingia, na nilijifunza kumjua nani mkarimu kwa jinsi anavyofungua dirisha. Mmoja alikuwa akisema, "Joto leo," hata kama kunanyesha. Yule nampenda mpaka kesho.

Masanja alihamia kulala sebuleni. Alisema ni kwa ajili ya mtoto, apate nafasi. Nilimwambia mtoto ana urefu wa mkate. Akabeba mto wake akaenda. Tulikaa hivyo miezi mingi, tukipeana chumvi mezani kama wageni kwenye hoteli.

Pamba ya msimu wa pili ilipoanza kuvunwa nilipewa rufaa ya kwenda Mwanza. Basi la asubuhi, nailoni, khanga mbili, pampasi ya mtu mzima niliyokuwa naionea aibu kuliko ugonjwa. Tulipofika Lamadi abiria wa jirani yangu alikuwa ameshageukia dirishani na kujiziba pua kwa kola. Hapo akapanda mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, mpana, na ndoo ya sangara waliokaushwa, akamwondoa yule bwana kwa nyonga tu na kukaa. Basi zima likanuka samaki. Watu wakaanza kumsema yeye. Akanitazama, akatazama nailoni niliyokalia, akaisogeza ndoo karibu na miguu yangu na kusema kwa sauti kubwa, "Mwacheni binti wa watu, ni mimi ninanuka, na mchuzi mnaula." Mpaka Mwanza alikuwa anagombana na basi zima kwa niaba yangu. Sikumuuliza jina.

Upasuaji wa kwanza haukushika. Mshono uliachia wiki ya tatu, nikiwa nimeshawaambia watu nimepona. Wa pili ulikuja masika ya mwaka uliofuata, na huo ulikuja na mfuko. Walitoa utumbo pembeni ya kitovu ili choo kipite huko na mshono wa chini upumzike. Nilikaa na mfuko ule tumboni miezi mitatu. Ulikuwa na tabia ya kunguruma katikati ya vikao, na nikawa natazama simu yangu kana kwamba ndiyo iliyolia. Kisha wakaurudisha utumbo mahali pake. Asubuhi moja nikaenda chooni kama binadamu, nikakaa mle ndani nalia, Masanja akigonga mlango akiuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, ndiyo maana nalia. Jioni hiyo alirudisha mto wake chumbani.

Mtoto naye alikuwa na safari zake. Mazoezi ya viungo kila wiki, kunyooshwa mkono, kukunjwa mkono, akilia hadi sauti inakauka. Mtaalamu alituambia wazi kwamba utapata nguvu kiasi lakini hautakuwa kama mwenzake. Hapo ndipo nilipoacha kuhuzunika nikaanza kukasirika, na nikasema nataka kudai haki. Yangu na ya mtoto.

Sasa sikiliza jinsi nilivyopigwa kalenda.

Baba mkubwa wa Masanja, ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba mzazi wa Masanja afariki, aliitisha kikao Zagayu. Tulikaa kwenye vigoda, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. "Mwangaluka." "Mwangaluka, mhola?" "Mhola." Ilimchukua nusu saa kufika kwenye jambo.

"Mama Kashinje," akasema, maana kule hakuna aliyewahi kuniita Mama Neema, "huyo daktari amewatibu watu wetu miaka mingi. Ukienda mahakamani umemfanya adui. Tuvune pamba kwanza, watu watulie, tumwite hapa tuongee naye."

Pamba ikavunwa. Tukaambiwa subirini iuzwe. Ikauzwa, ukawa msimu wa harusi. Harusi zikaisha, mvua zikaanza, nani atakaa kwenye kikao wakati wa kupanda? Daktari naye kila akipigiwa simu alikuwa tayari kabisa kuja, ila sio wiki hiyo. Nikimwandikia barua kuomba faili langu, anajibu kwa heshima kwamba kamati ya ndani inapitia. Majibu yake yote niliyapanga kwa tarehe kwenye jalada la kijani. Lilikuwa jalada zuri sana. Nililitunza kama yai na sikulipeleka popote.

Na mimi mwenyewe nilijidanganya. Kichwani mwangu nilishajipangia kwamba muda wa kudai unaanza mtu akishapona, kwa sababu mgonjwa anawezaje kudai akiwa na mfuko tumboni? Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona tu ndiyo busara, nikadhani sheria nayo itakuwa na busara hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa Januari, pamba ikipaliliwa, nikamwendea wakili. Ni dada kijana, mzaliwa wa Binza pale Maswa, amefungua ofisi juu ya duka la pembejeo. Nikamwekea jalada langu la kijani mezani kwa majivuno. Alilisoma lote. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye tarehe ya kujifungua, akahesabu kwa midomo.

"Dada," akasema, "madai ya namna hii ukomo wake ni miaka mitatu. Inahesabiwa tangu ulipoumizwa. Umepita kwa wiki tano."

"Wiki tano," nikasema.

"Wiki tano."

"Lakini walikuwa wananiambia nisubiri. Barua hizo hapo. Wenyewe wameandika nisubiri."

"Walikuambia usubiri. Sheria haikukuambia." Hakusema kwa ubaya. Alinimiminia maji kwenye kikombe. "Ungekuja na hili jalada wakati wa kupanda, tungefungua siku ile ile."

Sikulia. Nilicheka, kicheko kibaya, mpaka muuza mbolea wa chini akapanda kuangalia kama kuna usalama. Miaka yote nimeshinda nikigonga mihuri ya tarehe za watu, nikiwaambia wazee wa watu rufaa yako imechelewa siku mbili, pole mzee, utaratibu ndio huo. Na yangu ikanipita nikiwa nimeipanga vizuri kwenye jalada.

Wakili akaniacha nimalize. Kisha akasema kuna njia ya kumwomba waziri mwenye dhamana aongeze muda, tuandike, lakini nisiweke roho huko. Tuliandika. Mpaka naandika haya hatujajibiwa, na sijashangaa.

"Ila hayo ni madai yako," akaendelea. "Mtoto ana ya kwake, na mtoto mdogo sheria haimhesabii. Saa yake inaanza kutembea akifikisha miaka kumi na minane. Wewe au baba yake mnaweza kusimama kwa niaba yake leo."

"Kwa hiyo tuna muda."

Akanitazama kama ninavyomtazama mtu aliyepoteza risiti. "Hapo hapo ndipo ulipochelewea mara ya kwanza. Muda upo kwenye karatasi. Manesi wanahama, mafaili yanaliwa na mchwa. Lete ushahidi sasa."

Faili tulilipata baada ya yeye kuandika barua moja tu, yenye nembo. Kamati iliyopitia miaka mitatu ilimaliza kwa siku nne. Na ndani yake, kwa mwandiko safi nisioutambua, imeandikwa: uzazi wa kawaida, mtoto ametanguliza kichwa. Mkono haukutajwa. Mchaniko haukutajwa. Mimi nilikuwepo pale, nilikuwa ndiye niliyelala kitandani, lakini wakili akasema neno langu peke yake dhidi ya karatasi lina kazi ngumu. Yule nesi alishaacha kazi na hakuna aliyejua alikokwenda.

Tukaenda Zagayu kumweleza baba mkubwa kwamba vikao vyake vimenimalizia haki yangu. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo makubwa. Nilimkuta amezeeka ghafla, anaumwa mgongo, akaniita mama kwa lugha yao, "Mayu, nisamehe, sikujua kama lina mwisho," na maneno yangu yote yakakosa pa kutua. Nikatoka nje nikamkuta mama mkwe anapepeta mtama, Neema amekaa kwenye jamvi anamsaidia kwa mkono mmoja.

Nikamalizia hasira kwake. Nikamweleza kuhusu faili, kwamba wameandika kichwa.

"Kichwa?" akasema. Akaacha kupepeta. "Na mimi nilijuaje kumwita Kashinje? Nilikuwa nje ya mlango. Nesi wao ndiye aliyetoka akaniambia, mayu, huyu ni Kashinje, ametanguliza miguu. Msukuma mwenzangu yule. Ndiye aliyeandika kwenye kadi, mimi kalamu naijua?"

Nilikaa chini pale pale kwenye makapi, bila nailoni.

Kwa sababu niliiona kadi. Niliuona mwandiko wa bluu wa nesi wa kituo, ulioandikwa saa ile ile mtoto alipotoka, na niliuona mkono wangu unapaka rangi nyeupe juu yake. Mama mkwe alinitazama usoni akaelewa, na kama angekuwa mtu wa kusema nilikuambia, siku yake ilikuwa ndiyo ile. Alinipa kikombe cha maziwa ya mgando. Akasema, "Kunywa, kisha ufikiri. Si ndiyo kazi yenu huko ofisini?"

Nikanywa, nikafikiri. Na masijala ikanisaidia mara moja maishani. Yeyote aliyefanya kazi ya kumbukumbu anajua kwamba karibu kila kitu huandikwa mahali pawili, na mwenye kuficha hukumbuka mahali pamoja tu. Mtoto alichomwa chanjo ya kwanza kesho yake asubuhi, pale pale kituoni, kabla sijaruhusiwa. Chanjo ina rejista yake.

Jumatatu nikaenda kituoni na kadi iliyopakwa rangi, nikamwambia binti wa dirisha la chanjo ukweli mtupu: mtoto anataka kuanza chekechea, kadi imechafuka, naomba tuhakikishe chanjo zake. Akavuta rejista ya mwaka ule, kubwa, jalada limekatika. Tukapekua Novemba. Kashinje Masanja, jina la mama, tarehe, mwandiko ule ule wa bluu. Nikaomba kupiga picha ukurasa kwa ajili ya shule. Akasema, "Piga tu mama." Nilipiga picha sita.

Wakili alipoiona alicheka hadi akavua miwani. "Dada, hapa Usukumani, nani atampa mtoto aliyetanguliza kichwa jina la Kashinje? Wamwite shahidi yeyote, hata wa kwao." Siku ile ile akaandika mahakamani rejista ile iletwe na itunzwe. Mama mkwe akaandikisha maelezo yake, akaweka dole gumba, na alipoulizwa na karani kama ana la kuongeza akasema ndiyo, kwamba mkwewe ni mkaidi lakini hasemi uongo.

Kikabaki kikwazo kimoja, cha kunistahili mimi. Madai ni ya Neema, ushahidi ni wa Kashinje. Ilibidi nile kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtoto mmoja. Kamishna wa viapo aliniuliza kwa nini jina lilifutwa kwenye kadi, na nani alilifuta. Nikasema ni mimi. Akaandika. Nikatia saini chini ya kosa langu, na yeye akagonga muhuri wa tarehe. Niliutazama muhuri ule mpaka wino ukakauka.

Kesi imetajwa mara mbili. Daktari ameleta wakili kutoka Mwanza, anabembeleza kwa sauti ile ile. Sijui itaishaje. Nawajua wanawake wanaopelekewa sukari na mchele ili wanyamaze, na wanaoambiwa na ndugu zao wasubiri mavuno. Kwao nasema hivi: kaa kwenye vikao vyote unavyotaka, lakini nenda kwa wakili kwanza, hata ukiwa bado unavuja. Mimi nilisubiri nipone ili nipendeze mbele ya sheria, na hakuna mtu aliyenisubiri.

Siku ile ya kiapo, kabla hajagonga muhuri, kamishna wa viapo alitaka amwone mtoto. Alikuwa kwenye korido na bibi yake, wanakula karanga. Nikasimama mlangoni. Ningeweza kusema Neema. Nikasema, "Kashinje."

"Abee mama," akaitika, wala hakushangaa, akaja mbio ameshika mkono wake wa kushoto, wenye mfuko wa karanga, kwa ule wa kulia asije akazimwaga. Ukoo mzima ulikuwa unamwita hivyo tangu siku ya kwanza, na alikuwa anaitika kwa wote. Mimi tu ndiye niliyekuwa nimechelewa, na hili sheria haikuliwekea ukomo.